Lesoni ya 9: Huzuni Iliyo na Tumaini

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya lesoni ya juma hili: Yohana 11:1-44; Luka 13:1-5; Mhubiri 9:5, 6; 1 Samweli 28:3-20; Kumbukumbu la Torati 34:1-6; Mathayo 17:1-3; 1 Wakorintho 15:35-44; Ayubu 2:11-13; 1 Wathesalonike 4:13-18.

Fungu la kukariri: 1 Wathesalonike 4:13, 14. Lisome katika Biblia yako kila siku ya juma, na darasa zima lilikariri pamoja Sabato ijayo.

Gulwe ni stesheni ya Reli ya Kati, wilayani Mpwapwa. Treni inayotoka Dar es Salaam ikishapita hapa huelekea Msagali, kisha hupanda mlima kwenda Igandu, na mbele yake ni Dodoma. Asubuhi ya Jumatatu, tarehe 24 Juni 2002, treni ya abiria yenye watu zaidi ya 1,200 ilikuwa ikipanda mlima huo. Haikufika juu. Ilianza kurudi nyuma, ikazidi kushika kasi mteremkoni, hadi ikagongana na treni ya mizigo iliyokuwa nyuma yake. Watu 281 walipoteza maisha. Miili ilipelekwa Dodoma, na ndugu kutoka pande zote za nchi wakaja kutafuta watu wao. Wengine waliwapata. Wengine hawakuwapata, na miili ambayo haikutambuliwa ikazikwa kwa pamoja.

Siku zile nilikuwa mwinjilisti kijana. Nilitumwa kumtembelea mama mmoja mjane, muumini wetu, ambaye mwanawe alikuwa ndani ya treni ile. Alikuwa amemtafuta Dodoma kwa siku mbili bila kumwona. Nilikwenda nikiwa na mafungu yangu tayari, nikaongea mengi, nikarudi nyumbani nikidhani nimemfariji. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba sikumfariji.

Juma hili tutajifunza kile Neno la Mungu linachowaambia walio katika huzuni, na kile ambacho haliwaambii. Ni muhimu tujue yote mawili, kwa sababu karibu kila darasa la Shule ya Sabato lina mtu mwenye msiba, hata kama hasemi.

JUMAPILI

Machozi ya Bethania

Soma Yohana 11:17-37. Yesu alijua tangu mwanzo kwamba atamfufua Lazaro (linganisha fungu la 11). Kwa nini basi alilia?

Maneno ya kwanza niliyomwambia yule mama ni haya: "Usilie, mama. Mkristo halii kama watu wa mataifa. Huu ni mpango wa Mungu."

Alinitazama kwa muda, akaniambia, "Mwanangu, huo mpango Mungu alikueleza wewe lini? Mimi hajanieleza. Nimemtafuta mtoto wangu siku mbili, hata kandambili yake sijaiona. Yesu alimlilia Lazaro, naye alikuwa anakwenda kumwamsha saa ileile. Mimi niache kulia kwa nini?"

Sikuwa na jibu. Mama huyu hakuwa amesoma chuo cha theolojia, lakini fungu alikuwa amelisoma vizuri kuliko mimi.

Angalia mambo matatu katika Yohana 11. Kwanza, Martha na Mariamu, kila mmoja kwa wakati wake, walimwambia Yesu kwamba kama angalikuwapo ndugu yao asingalikufa (mafungu ya 21 na 32). Hayo ni maneno ya uchungu, karibu ya lawama. Yesu hakuwakemea. Pili, Martha alipewa fundisho, kwa sababu alikuwa tayari kuzungumza. Mariamu alianguka miguuni akilia, na kwake Yesu hakufundisha neno; aliuliza tu wamemweka wapi, akalia pamoja naye. Bwana alijua nani anahitaji maneno na nani anahitaji mtu wa kukaa naye. Tatu, machozi yake hayakupingana na imani yake. Alilia, kisha akaenda kaburini na kuita.

Sasa rudi kwenye fungu letu la kukariri. Paulo hawakatazi Wathesalonike kuhuzunika. Anachotaka ni kwamba huzuni yao isifanane na ya wale ambao hawana la kutarajia. Tofauti ya Mkristo na mtu asiye na tumaini haipimwi kwa wingi wa machozi.

Je, umewahi kumwambia mfiwa anyamaze? Ulifanya hivyo kwa faida yake, au kwa sababu kilio chake kilikuwa kizito kwako?

JUMATATU

Mnara wa Siloamu

Soma Luka 13:1-5. Watu walimletea Yesu habari ya kutisha, naye akaongeza nyingine. Alikataa wazo gani?

Baada ya ajali yoyote kubwa watu hutafuta maelezo. Mara nyingi maelezo hayo huwaangukia waliokufa au waliofiwa. Hapa Gulwe, kabla hata mazishi hayajakwisha, walikuwepo waliosema kwamba ni adhabu ya dhambi za taifa, na wengine kwamba fulani aliponea chupuchupu kwa sababu anatoa zaka kwa uaminifu. Mtu anayesema hivyo hafikirii mjane aliyeketi karibu anayasikia vipi maneno yale. Kama aliyepona alipona kwa uaminifu wake, basi aliyekufa alikufa kwa nini?

Katika siku za Yesu mnara ulianguka huko Siloamu na kuua watu kumi na wanane. Yesu alitaja idadi yao, lakini alikataa kabisa kwamba walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wa Yerusalemu. Hakueleza kwa nini wao na si wengine. Aliwageuzia wasikilizaji swali: ninyi mlio hai, mko tayari?

Fundisho hili lina pande mbili, na zote zinatuhusu. Upande wa kwanza, hatuna ruhusa ya kusoma dhambi ya mtu katika namna alivyokufa. Rafiki za Ayubu walifanya hivyo, na mwisho Mungu aliwakemea (Ayubu 42:7). Upande wa pili, uhai tulio nao ni nafasi ya toba, si cheti cha wema.

Biblia inatueleza kwamba kifo ni adui (1 Wakorintho 15:26). Hakikuwepo katika uumbaji wa kwanza, na hakitakuwepo katika dunia mpya (Ufunuo 21:4). Kwa hiyo tunapomwambia mfiwa kwamba Mungu ndiye aliyemhitaji mtoto wake, tunamfanya Baba afanane na adui. Ni afadhali kusema, "Sijui kwa nini, ila namjua Yule aliyelia Bethania."

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa watakumbuka tarehe 21 Mei 1996, siku meli ya MV Bukoba ilipozama karibu na Mwanza, na makaburi ya Igoma. Ni maelezo gani yalitolewa wakati ule? Yapime kwa Luka 13.

JUMANNE

Wamelala

Soma Mhubiri 9:5, 6. Zaburi 146:3, 4. Na Yohana 11:11-14. Wafu wako katika hali gani?

Hili ni fundisho tunalolijua vizuri. Tumelifundisha katika mikutano ya hadhara, na watoto wetu wa Watafuta Njia wanaweza kulitetea. Lakini fundisho hujaribiwa siku ya msiba, wala si siku ya mahubiri.

Yule mama hakuwa na mwili wa kuzika. Kwa hiyo hakuwa na kaburi, na matanga yake hayakuwa na mwanzo wala mwisho ulio wazi. Katika nafasi hiyo tupu akaingia mtu mwingine. Alimwambia kwamba kijana wake hajafa, amechukuliwa msukule, na yuko mahali anafanyishwa kazi usiku. Kwa malipo, angeweza kurudishwa. Mama aliuza mbuzi mmoja, kisha wa pili, kisha wa tatu. Kila alipolipa aliambiwa kwamba kazi imekaribia kwisha.

Tusifanye haraka kumhukumu. Mzazi anayeambiwa kwamba mtoto wake yuko hai huuza hata paa la nyumba. Tujiulize badala yake: kanisa lilikuwa wapi wakati mganga anapiga hodi? Mimi nilikwenda mara moja. Yeye mganga alikwenda mara nyingi.

Soma sasa 1 Samweli 28:3-20. Sauli alikwenda Endori usiku, akiwa na hofu, akitafuta neno kutoka kwa aliyekufa. Alirudi akiwa na nini?

Sauli alikwenda akiwa amevunjika moyo, na alipolisikia jibu alianguka chini asiwe na nguvu. Hivyo ndivyo ilivyo kwa kila anayetafuta wafu kwa ramli, mizimu au maombezi ya kulipia: hulipa, na tumaini lake hupungua. Mungu alipotukataza mambo hayo (Isaya 8:19, 20) hakutaka kutunyima faraja. Alitaka kutulinda na wale wanaouza faraja ya uongo kwa watu wenye uchungu.

Fundisho la usingizi wa mauti ni zawadi kwa mfiwa. Mtu wake hateswi. Hafanyishwi kazi na mtu yeyote. Haoni baridi wala hasikii kilio cha mama yake akashindwa kumjibu. Amelala, na hesabu ya miaka kwake imesimama. Kitakachofuata katika ufahamu wake ni sauti ya Bwana (Yohana 5:28, 29).

Katika eneo lenu, ni imani gani kuhusu wafu hupata nguvu hasa wakati wa msiba? Darasa lenu linaweza kufanya nini kabla msiba haujatokea?

JUMATANO

Kaburi Ambalo Mungu Peke Yake Analijua

Soma Kumbukumbu la Torati 34:1-6. Nani alimzika Musa, na nani alijua kaburi lake lilipo?

Alikuwepo kanisani shemasi wa kike, mtu mzima, asiyependa maneno mengi. Siku moja alimkuta yule mama akilia, na mama akamweleza kilichokuwa kinamsumbua zaidi. Hakikuwa kifo chenyewe. Alisema, "Siku ya ufufuo kila mzazi atasimama kwenye kaburi la mtoto wake. Mimi nitasimama wapi?"

Shemasi hakujibu siku ile. Alirudi juma lililofuata na Biblia, akamfungulia habari ya Musa.

Israeli wote walimlilia Musa siku thelathini, lakini hakuna hata mmoja kati yao ambaye angeweza kuonyesha kaburi lake. Hapakuwa na jiwe wala jina. Mungu ndiye aliyemzika. Sasa soma Yuda 9 na Mathayo 17:1-3. Ni nani aliyeonekana mlimani akizungumza na Yesu, pamoja na Eliya?

Eliya alichukuliwa bila kuonja mauti. Lakini Musa alikufa na kuzikwa, na hata hivyo anaonekana akiwa hai katika utukufu. Biblia inasema kulikuwa na mabishano juu ya mwili wake, na ni wazi nani alishinda. Fikiri jambo hili kwa makini. Makaburi ya Ibrahimu, Sara, Isaka na Yakobo yalijulikana, pango la Makpela. Kaburi la Musa halikujulikana na mtu. Lakini aliyeitwa mapema kutoka mavumbini ni huyu ambaye wanadamu hawakujua alipolala.

Kwa hiyo ufufuo hautegemei kumbukumbu yetu. Hautegemei jiwe la kaburi, wala orodha ya majina, wala kama mwili ulitambuliwa. Bahari itawatoa wafu wake (Ufunuo 20:13), na bahari haina alama za makaburi. Anayeita ndiye anayejua.

Soma pia 1 Wakorintho 15:35-44. Paulo anatumia mfano wa mbegu, na mfano huu mkulima wa Ugogo anauelewa. Wengi wetu huweka uwele au mtama ardhini ardhi ikiwa bado kavu, vumbi tupu, kabla mvua ya kwanza haijanyesha. Mgeni akipita shambani haoni kitu. Hata mwenye shamba, juma likipita, hawezi kuonyesha kila punje ilipo. Lakini hashindi akifukua kutafuta mbegu zake. Anaangalia mawingu.

Shemasi alipomaliza, yule mama alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Basi nitasimama popote. Yeye atamleta nilipo." Mbuzi wa nne hakuuzwa.

Kama una mpendwa ambaye kaburi lake hulijui, au uko mbali nalo, andika leo kile ambacho habari ya Musa inakuambia.

ALHAMISI

Kukaa Chini Pamoja Naye

Soma Ayubu 2:11-13, Warumi 12:15, na 2 Wakorintho 1:3, 4. Rafiki watatu wa Ayubu walifanya nini vizuri kabla hawajaanza kukosea?

Waliacha makwao, wakaja. Walilia. Wakaketi chini pamoja naye siku saba, bila kusema neno. Kosa lao lilianza walipofungua vinywa.

Niliuliza baadaye yule shemasi alimwambia nini mama yule katika miezi ya kwanza. Alisema hakumwambia kitu. Alikuwa anakwenda kila Jumapili mchana wakabangua karanga pamoja. Mama akitaka kuzungumza, walizungumza. Akitaka kulia, alilia. Karanga zikiisha, shemasi alifunga kitenge chake akaenda nyumbani. Ilipofika siku ya kufungua habari ya Musa, mlango ulikuwa umekwisha kufunguliwa na karanga.

Katika makanisa yetu tunajua sana kufanya msiba. Turubai hufungwa, rambirambi huchangwa, akina mama wa Dorkasi hupika, kwaya huimba. Hayo yote ni mema na yaendelee. Lakini matanga yakianuliwa, kila mtu hurudi kwake, na hapo ndipo mfiwa anapoanza kuona jinsi nyumba ilivyo kubwa. Paulo alipomaliza kueleza habari ya parapanda na ufufuo, aliwaagiza waumini wafarijiane kwa maneno hayo (1 Wathesalonike 4:18). Tumaini lipo katika Neno, lakini lazima awepo mtu wa kulipeleka hadi mlangoni kwa mfiwa, tena zaidi ya mara moja.

Darasa lenu lipange mambo haya:

1. Andikeni majina ya waliofiwa katika mwaka huu, ndani na nje ya kanisa. Kila jina lipewe mtu mmoja wa kulitembelea.

2. Mtembelee mfiwa baada ya mwezi mmoja, baada ya miezi mitatu, na siku ya kumbukumbu ya kifo. Tarehe hiyo yeye haisahau.

3. Nenda na kazi ya mikono: kuchota maji, kupalilia, kubeba kuni. Mtu huzungumza kwa urahisi zaidi mikono ikiwa na kazi.

4. Mtaje marehemu kwa jina. Wafiwa wengi huumia kwa sababu watu wanaogopa kulitamka.

5. Kama mfiwa halali, hali, au anasema hataki kuishi, usimwachie maombi peke yake. Omba naye, kisha mpeleke kituo cha afya. Luka aliyeandika Injili alikuwa tabibu (Wakolosai 4:14).

Ni nani katika mtaa wako ambaye matanga yake yaliisha, lakini huzuni yake bado?

IJUMAA

Kwa Kujifunza Zaidi

Soma tena Yohana 11 yote kwa utulivu kabla jua halijazama, kisha Ufunuo 21:1-5. Katika Bethania, Yesu analia pamoja na wanadamu. Katika Ufunuo, Mungu mwenyewe anafuta machozi yao. Angalia kwamba hasemi watu wake watafika wakiwa na macho makavu. Watafika na machozi, naye atayafuta kwa mkono wake. Basi mtu asione aibu kuyabeba hadi siku hiyo.

Yule mama aliishi miaka mingi baada ya ajali ile. Hakuacha kulia ifikapo Juni, na hakuna aliyemwambia tena anyamaze. Aliomba kwamba siku ya mazishi yake isomwe 1 Wathesalonike 4, na mimi ndiye niliyeisoma. Mwanawe amelala mahali anapopajua Mungu. Yeye amelala hapa Gulwe, si mbali na reli. Wataamshwa kwa sauti moja, na hakuna atakayehitaji kutafuta.

Maswali ya Kujadili:

1. Jadilini tofauti kati ya huzuni iliyo na tumaini na huzuni isiyo na tumaini. Inaonekanaje nyumbani, siku arobaini baada ya mazishi?

2. Kwa nini Yesu alimfundisha Martha lakini akalia na Mariamu? Tutatambuaje mfiwa anahitaji kipi?

3. Jirani asiye wa imani yetu anakuambia kwamba mtoto wake aliyepotea amechukuliwa msukule. Utamjibu vipi bila kumdharau na bila kuuficha ukweli?

4. Taja maneno ya faraja ambayo watu husema misibani lakini hayamo katika Biblia. Tungesema nini badala yake?

5. Darasa lichague leo familia moja, na kabla ya kufunga kwa sala likubaliane nani atakwenda, siku gani, na atabeba nini.